Rangi Iliyotoka kwa Funza Mgonjwa

Ardhini, chini ya nyasi za malisho ya Uingereza, huishi funza wa rangi ya udongo, watoto wa mdudu mwembamba mwenye miguu mirefu aitwaye Tipula paludosa. Wakulima hawawapendi, maana hutafuna mizizi. Mwaka 1954 mtafiti Claude Rivers aliwakuta baadhi yao wamebadilika: miili yao ilimeremeta buluu na zambarau, na kila funza alipogeuzwa kwenye mwanga, rangi nayo ilihama. Walikuwa wagonjwa. Mwaka huohuo N. Xeros aliandika katika jarida la Nature kwamba ugonjwa ule uliletwa na virusi.

Kilichowashangaza watafiti zaidi ni wingi wa virusi hivyo. Funza aliyezidiwa akikaushwa, karibu robo ya uzito wake huweza kuwa virusi vitupu. Kenneth Smith wa Cambridge alishirikiana na Robley Williams wa California kuvisafisha, na mwaka 1957 wakatangaza kwamba virusi hivyo hujipanga vyenyewe na kuwa fuwele.

Swali kubwa la miaka ile lilikuwa umbo. Mwaka 1956 watafiti Watson na Crick walikuwa wamependekeza kwamba virusi vidogo vya mviringo hujengwa kwa vipande vinavyofanana, vilivyopangwa kwa ulinganifu kamili. Lakini nani angeliona umbo lenyewe? Virusi vya funza vilikuwa vikubwa kuliko vingi vilivyojulikana, na hapo ndipo Williams na Smith walipopata upenyo. Waliligandisha tone lenye virusi, wakalikausha lingali limeganda ili chembe zisibonyee, kisha wakazipiga mvuke wa metali kutoka pande mbili. Chini ya hadubini ya elektroni, kila chembe ikaonekana na vivuli viwili: kimoja chenye ncha, kingine butu. Wakachukua kielelezo cha umbo la nyuso 20, wakakimulika kwa taa mbili kutoka pande zilezile. Vivuli vikalingana. Hiyo ilikuwa 1958, na kwa maoni yangu ni mojawapo ya majaribio mazuri kabisa katika historia ya virusi, kwa jinsi lilivyo rahisi kulielewa.

Ikabaki rangi. London, katika Chuo cha Birkbeck, Rosalind Franklin na Aaron Klug walikuwa wamezoea kupima virusi kwa eksirei. Kwa fuwele hizi eksirei hazikuhitajika. Chembe ziliachana kwa nafasi inayokaribia urefu wa mawimbi ya mwanga wenyewe, huku maji yakizitenganisha. Kwa hiyo mwanga wa kawaida uliruka kutoka tabaka hadi tabaka, mawimbi ya rangi moja yakaimarishana na mengine yakafutana. Funza hakuwa na wino wowote wa buluu mwilini. Kwa kupima rangi na pembe yake, wakajua jinsi chembe zilivyopangwa. Franklin alifariki Aprili 1958, akiwa na miaka 37 tu. Makala yao pamoja na mwenzao Humphreys-Owen ilitoka 1959, jina lake likiwemo.

Baadaye virusi vya jamii hii vilipatikana kwa wadudu wengi, wakiwemo nyenje wanaofugwa. Shelley Adamo wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, aligundua kwamba nyenje wake majike hawana mayai. Alipowapasua, akakuta mafuta ya mwilini yamevimba na kuwa na rangi ya buluu. Utafiti wake wa 2014 ulionyesha jambo la kutisha: nyenje walioambukizwa hawakuonekana wagonjwa. Madume walikuwa wepesi zaidi wa kubembeleza majike, ingawa mbegu zao zilikuwa dhaifu, na kule kupandana ndiko kulikosambaza maradhi.

Leo Kenya na Uganda zina wafugaji wa nyenje kwa ajili ya chakula. Mfugaji akiona wadudu wake wanakula na kuimba kama kawaida lakini mayai yamekatika, asiwahamishie banda lingine wala asimpe jirani wadudu wa mbegu. Apeleke wachache kwa mtaalamu wapasuliwe na rangi ya mafuta yao iangaliwe.