Mrija wa shingoni: Hatari inapotobolewa ateri

MGONJWA mahututi anapohitaji dawa kali au kusafishwa damu kwa mashine, mishipa midogo ya mkononi mara nyingi haitoshi. Hapo madaktari humwekea mrija katika vena kubwa, yaani mshipa unaorudisha damu kwenye moyo, kupitia shingoni, chini ya mtulinga au kwenye kinena.

Mbinu inayotumika hadi leo ilielezwa mwaka 1953 na Sven-Ivar Seldinger wa Sweden. Sindano hutangulia, waya mwembamba hupitishwa ndani yake, sindano hutolewa, kisha mrija huingizwa kwa kufuata waya huo.

Tatizo ni kwamba vena hizo hupakana na ateri, mishipa inayotoa damu kwenye moyo kwa nguvu. Shingoni, jirani wa vena ni ateri inayolisha ubongo. Sindano nyembamba ikiitoboa, kwa kawaida huchomolewa na mahali hapo hukandamizwa mpaka damu ikome. Chini ya mtulinga kukandamiza ni vigumu, kwa kuwa mfupa umeukinga mshipa, na damu inaweza kuvujia kifuani.

Hali hubadilika pale mrija mnene unapokuwa umekwisha kuingia ndani ya ateri. Kuuchomoa kwa pupa kunaweza kuleta kiharusi, kuvuja damu nyingi au kifo. Kinachoshauriwa ni kuuacha ulipo na kumwita haraka bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu.

Damu nyekundu sana inayoruka kwa mapigo huashiria ateri. Hata hivyo, kwa mgonjwa mwenye shinikizo la chini au upungufu wa oksijeni, dalili hiyo inaweza kupotosha. Ndiyo sababu hutumika ultrasaundi kuongoza sindano, na shinikizo ndani ya mshipa hupimwa kabla ya kuingiza mrija mnene.

Madhara mengine hujitokeza baadaye, yakiwamo damu kuganda na vena kusinyaa. Kwa mgonjwa wa figo, vena ya chini ya mtulinga ikisinyaa, mkono wa upande huo unaweza usifae tena kwa usafishaji damu. Kwa hiyo shingo upande wa kulia hupewa kipaumbele.

Ndugu wanaomuuguza mgonjwa wakiona uvimbe shingoni, kupumua kwa shida au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, wamwarifu muuguzi mara moja.