Mnara wa Siloamu na Ijumaa ya Oslo

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, watu wanamjia Bwana Yesu na habari mbaya. Pilato amewaua Wagalilaya waliokuwa wakitoa dhabihu zao. Yesu anaongeza habari nyingine waliyokuwa wakiijua: mnara umeanguka kule Siloamu na watu 18 wamekufa. Waliomwendea walitaka kusikia ni nani mwenye kosa, lakini hakuwapa walichotaka. Aliwaambia kuwa waliokufa hawakuwa waovu kuliko wengine, kisha akawageuzia swali wao wenyewe: na ninyi je, mtatubu?

Tumelihubiri fungu hili mara nyingi, na kila tunapolifikia tunakumbuka jengo jingine na mji mwingine. Mji huo ni Oslo, mji mkuu wa Norway, nchi ambayo Walutheri wa Tanzania tunaifahamu kwa wamisionari wake na kwa hospitali ya Haydom kule Mbulu. Tunataka kueleza yaliyotokea huko, kwa sababu yanatuhusu kuliko tunavyodhani. Mtu aliyetenda uovu ule hakutoka mbali. Alipata kipaimara katika kanisa la Kilutheri, kama sisi.

Mchana ule

Tarehe 22 Julai 2011 ilikuwa Ijumaa. Nchi ilikuwa katika likizo ya kiangazi, na ofisi nyingi za serikali zilikuwa na watu wachache. Saa 9:25 alasiri bomu lililotengenezwa kwa mbolea, lenye uzito wa karibu kilo 950, lililipuka ndani ya gari lililoegeshwa mbele ya jengo lenye ofisi ya Waziri Mkuu. Vioo vya majengo ya wizara na maduka ya jirani vilimwagika barabarani. Watu 8 walikufa na wengine zaidi ya 200 waliumia. Waziri Mkuu Jens Stoltenberg hakuwa ofisini, naye alisalimika.

Wakati watu wakiwatoa majeruhi kwenye vifusi, mlipuaji alikuwa ameshaondoka kwa gari jingine, amevaa sare ya polisi. Alikwenda hadi ziwa Tyrifjorden, kwenye kisiwa kidogo cha Utøya, ambako umoja wa vijana wa chama cha Labour ulikuwa na kambi yake ya kila mwaka. Aliwaambia wenye kivuko kwamba ametumwa kuimarisha usalama kwa sababu ya bomu la mjini, nao wakamvusha. Kisiwani kulikuwa na watu zaidi ya 500, wengi wao vijana. Aliwapiga risasi kwa zaidi ya saa nzima. Waliokufa pale ni 69, na mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 14. Ukijumlisha na wale wa mjini, ni watu 77.

Wengine waliokoka kwa kuogelea katika maji baridi. Watu waliokuwa wamepiga mahema kando ya ziwa waliingia katika boti zao na kuwaendea waogeleaji, huku risasi zikiendelea kusikika. Hakuna aliyewatuma. Jioni ile wazazi walikusanyika katika hoteli ya Sundvolden kungoja majina. Kule Norway, mara nyingi mchungaji ndiye anayepeleka habari ya kifo cha ghafla nyumbani kwa mfiwa. Sisi tuliowahi kusimama mlangoni kwa mtu na habari moja tu ya namna hiyo, tukatafuta maneno tukayakosa, tunaweza kufikiri kidogo jinsi juma lile lilivyokuwa kwa wachungaji wenzetu.

Vidole vilielekezwa wapi

Katika saa za kwanza, kabla mtu yeyote hajajulikana, wengi walikuwa wameshatoa hukumu. Wataalamu katika televisheni walizungumza juu ya al-Qaeda. Mitaani Oslo baadhi ya Waislamu walitukanwa na kusumbuliwa. Kisha usiku ukaingia, na jina likajulikana: Anders Behring Breivik, Mnorway wa miaka 32, mzaliwa wa Oslo. Alibatizwa na kupata kipaimara akiwa na miaka 15. Katika maandishi marefu aliyoyasambaza siku ile alidai kwamba anailinda Ulaya ya Kikristo dhidi ya Waislamu na dhidi ya wale waliowakaribisha.

Wazee wetu walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Hapo Mkristo hukimbilia mlango mmoja: huyo hakuwa Mkristo. Ni kweli kwamba katika maandishi yale yale alieleza kuwa watu kama yeye si lazima wawe na uhusiano wa binafsi na Kristo. Alitaka msalaba uwe bendera ya kabila na utamaduni. Hakuutaka msalaba aliosulubiwa Bwana. Tunaweza kusema hivyo, na tutakuwa tumesema kweli. Lakini tujiulize kama mlango huo tunamfungulia pia jirani yetu. Mtu anapoua akilitaja jina la Uislamu, na Mwislamu akatuambia kuwa yule hakuufuata Uislamu, je, tunamsikiliza?

Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua swali hili. Ijumaa nyingine, tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalilipuka karibu wakati mmoja kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam watu 11, na wengi mno walikuwa wenyeji waliokwenda kazini au waliokuwa wakipita njia. Kati ya waliohukumiwa baadaye huko Marekani walikuwamo Watanzania wawili. Tulikuwa vijana wakati ule. Tunakumbuka jinsi baadhi yetu tulivyoanza kumtazama kwa jicho jingine jirani yule yule aliyetuletea sahani ya pilau siku ya Idi.

Katika Katekisimu Ndogo, Martin Luther anapoieleza amri ya nane, haishii kutukataza uongo juu ya jirani. Anatudai tumtetee, tumseme vema, na mambo yake tuyapokee kwa upande ulio mwema. Amri hiyo inavunjwa kwa urahisi sana siku ya msiba, kwa sababu siku ile hasira yetu inaonekana kama haki.

Waliofiwa na waliosimama nao

Kanisa Kuu la Oslo liko karibu na mahali bomu lilipolipuka. Watu walianza kuweka maua mbele yake, hata uwanja mzima ukafunikwa. Jumapili ya tarehe 24 Julai ilifanyika ibada ya maombolezo, na Mfalme Harald na Malkia Sonja walikuwapo. Stoltenberg alisema humo kwamba jibu la nchi litakuwa demokrasia zaidi, uwazi zaidi na utu zaidi, bila kuwa wajinga wa hatari. Kesho yake watu wapatao 200,000 walijaa mitaani Oslo wakiwa na mawaridi mikononi. Ijumaa iliyofuata Waziri Mkuu alikwenda msikitini kuomboleza pamoja na Waislamu. Siku hiyo hiyo msichana mmoja wa familia ya wakimbizi wa Kiislamu, aliyeuawa Utøya, alizikwa kwenye makaburi ya kanisa. Mchungaji na imamu walitembea pamoja mbele ya jeneza lake.

Mambo hayo ni mema, lakini tusiyafanye kuwa picha ya kupamba ukuta. Mawaridi hayakumaliza hasira. Wakati wa kesi ndugu wa mmoja wa waliouawa alivua kiatu akamrushia muuaji mahakamani, huku akilia. Sisi wachungaji tuna kosa letu hapa: tuna haraka ya kumwambia mfiwa asamehe, kana kwamba msamaha ni dawa ya kutuondolea sisi kilio chake masikioni. Zaburi hazina haraka hiyo. Zinamwacha mtu amlilie Mungu hadi sauti ikauke. Mtume Paulo, katika Warumi 12, kabla hajafika kwenye neno la kutolipa kisasi, anatuagiza kwanza tulie pamoja nao waliao.

Haki na toba

Kesi ilianza tarehe 16 Aprili 2012 na ikachukua majuma kumi. Mahakama iliposikiliza taarifa za vifo vya Utøya, kwa kila kijana zilisomwa pia habari fupi za maisha yake, ili asibaki kuwa namba tu. Swali kubwa lilikuwa kama muuaji alikuwa na akili timamu. Madaktari wa kwanza walisema ni mgonjwa. Wa pili walisema si mgonjwa. Tarehe 24 Agosti mahakama ikaamua kwamba alikuwa timamu, na ikampa kifungo cha miaka 21 ambacho kinaweza kuongezwa kila kinapokwisha, ikiwa bado ni hatari kwa watu. Mwaka 2022 aliomba aachiliwe mapema, akakataliwa.

Washarika wetu wakisikia hukumu hiyo huguna: watu 77, miaka 21? Tunauelewa mguno huo. Hata hivyo tukumbuke Mwanzo 4. Damu ya Habili ililia kutoka ardhini, Mungu akaisikia, akamhukumu Kaini. Kisha akamtia alama ili mtu asimwue. Haki ya Mungu ilimzuia muuaji na ikakizuia kisasi pia. Tena kuna uzito katika kusema kwamba mtu yule alikuwa timamu. Tungependa awe kichaa, maana kichaa hatuhusu. Mahakama ilisema jambo ambalo Kanisa limelifundisha siku zote, kwamba moyo wenye akili zake zote unaweza kuchagua uovu.

Serikali nayo ilijichunguza. Tume iliyoongozwa na Alexandra Bech Gjørv ilitoa taarifa yake tarehe 13 Agosti 2012, na haikuficha kitu. Bomu lile lingeweza kuzuiwa kwa hatua za usalama ambazo zilikuwa zimeshapitishwa. Ilikuwa imeamuliwa kuwa barabara inayopita mbele ya ofisi ile ifungwe kwa magari, lakini miaka ikapita bila kufungwa. Mpita njia mmoja alitoa kwa polisi namba ya gari la mtu aliyemtilia shaka, dakika chache tu baada ya mlipuko. Karatasi yenye namba hiyo ikakaa mezani. Waziri Mkuu alikiri kuwa yeye ndiye mwenye dhamana. Ni nadra kuona wenye mamlaka wakisomewa makosa yao mbele ya taifa hivi, nao wakakubali.

Hilo ni swali la Siloamu: na ninyi je, mtatubu? Kwa maana chuki haikuisha. Mwezi Agosti 2019, huko Bærum karibu na Oslo, kijana mwingine wa Norway aliingia msikitini na bunduki baada ya kumwua dada yake wa kambo, naye akashikwa na waumini wazee waliomlaza chini. Mwaka huo huo, nje ya Kanisa Kuu, iliwekwa kumbukumbu ya mawaridi yapatayo 1,000 ya chuma, yaliyofuliwa na wahunzi na watu wengine, wakiwamo wafiwa na walionusurika. Maua ya kwanza yalinyauka, haya yamebaki.

Na sisi tunakiri letu. Wakati fulani ujumbe ulizunguka katika kundi la simu la usharika, ukiwatukana majirani wa imani nyingine kwa kosa ambalo halikuwa limethibitishwa. Tuliusoma. Tulijua aliyeutuma, na tulijua kwamba vijana wa kipaimara wamo katika kundi lile. Tukanyamaza, tukihofia kuleta maneno. Vijana wale walijifunza kitu kutoka kwetu siku hiyo, na hakikuwa katika Katekisimu. Tangu hapo tunapowabariki, tunapiga nao picha, na wengine hatuwaoni tena kanisani, tunajiuliza ni nani anayeendelea kuwafundisha, na anawafundisha nini.

Luka 13 haimaliziki kwenye mnara. Mara moja Yesu anatoa mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunzaji anamwomba auache mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutilia samadi. Mtu mmoja wa kanisa letu alichukua mbolea akaifanya bomu. Bwana anatupa samadi na jembe, na muda ambao si mrefu. Mti wenyewe ni sisi, na ni watoto tunaowaleta madhabahuni kila mwaka.

Bwana na atupe kuutumia mwaka huu. Amina.