Barakoa ya Biti katika Hesabu ya Njia na Ratiba

Barakoa ya biti ni nambari moja ambayo tarakimu zake, zikiandikwa kwa 0 na 1 peke yake, zaeleza ni vitu gani katika kundi fulani vimekwisha kushughulikiwa na ni vipi vingali vyangoja. Ikitumiwa pamoja na programu dainamiki, yaani ile taratibu ya kulitatua tatizo kubwa kwa kuhifadhi majawabu ya matatizo madogo yaliyomo ndani yake, hutoa jibu la yakini kwa swali la kale: msafiri mwenye vituo kadhaa avifuate kwa mpango gani ili arejee mapema?

Nahodha wa pwani ya Tanga alilijua swali hili zamani kabla ya kompyuta, tena kwa ugumu wake wote, maana baharini kwenda si sawa na kurudi. Kusi ivumapo, tangu takriban Aprili hadi Septemba, jahazi litokalo Pangani kwenda Tanga lasukumwa na upepo, ilhali lile lirudilo kusini hulazimika kupiga bisho na kupoteza saa nyingi katika njia ile ile.

Natuchukue jahazi litokalo Tanga wakati huo, lenye shehena ya kushusha Moa, Pangani na Wete ya Pemba, kisha lirejee. Saa za safari, kwa mfano tu, ziwe hizi: Tanga hadi Moa 3, hadi Pangani 7, hadi Wete 8, Moa hadi Tanga 6, hadi Pangani 11, hadi Wete 7, Pangani hadi Tanga 4, hadi Moa 6, hadi Wete 8, Wete hadi Tanga 7, hadi Moa 7, hadi Pangani 9.

Kila bandari hupewa nafasi yake katika nambari: Moa ya mwisho kuume, Pangani ya kati, Wete ya kwanza kushoto. Hivyo 101, ambayo kwa hesabu ya kawaida ni 5, maana yake Moa na Wete zimefikiwa, Pangani bado. Asiye na kompyuta aweza kutumia mashimo matatu ya bao, akatia kete moja katika kila shimo la bandari iliyokwisha kufikiwa.

Siri yote imo katika kile kinachosahauliwa. Daftari la hesabu, lenye ukurasa mmoja kwa kila barakoa, haliandiki jahazi lilipita wapi kwanza na wapi baadaye; laandika mambo mawili tu, bandari zilizokwisha kufikiwa na bandari lilipo sasa, na mbele yake saa chache kuliko zote za kufikia hali hiyo. Kwa 101, jahazi likiwa Wete, saa ni 3 na 7, jumla 10. Likiwa Moa, ni 8 na 7, jumla 15. Kutoka hapo kwenda Pangani, njia ya kwanza yatoa 19 na ya pili 26. Basi 19 huandikwa katika ukurasa wa 111, na 26 hutupwa, isitajwe tena. Ukurasa huo ukikamilika, Pangani ina 19, Wete 20, Moa 22. Zikiongezwa saa za kurudi Tanga, twapata 23, 27 na 28. Mpango bora, basi, ni Moa, Wete, Pangani, kisha nyumbani.

Ratiba nayo yaingia bila taabu. Ikiwa chombo kilichosheheni hakiwezi kuuingia mlango wa mto Pangani ila maji yamejaa, na jahazi limefika saa ya 19 ilhali maji yatajaa saa ya 22, saa 3 za kungoja huongezwa, na safari yawa 26, nayo bado yazishinda njia nyingine, ambazo hata bila kungoja hazipungui 27. Lakini hapa pana sharti: daftari lihifadhi muda. Likihifadhi gharama ya fedha, yamkini aliyefika kwa nafuu amechelewa maji, na yule aliyetupwa ndiye angaliwahi.

Taratibu hii ilitangazwa mwaka 1962 na Richard Bellman wa Marekani, na mwaka huo huo, kwa kazi yao wenyewe, na Michael Held na Richard Karp.

Insafu yadai tukiri kwamba kwa bandari tatu daftari ni hasara: njia ni 6 tu, na vyumba vya kujaza, kimoja kwa kila hali, ni 12. Kwa bandari nne, 24 kwa 32. Faida yaanza kwa tano, 120 kwa 80, na tangu hapo pengo halina mfano: kwa bandari kumi, njia ni 3,628,800 na vyumba ni 5,120. Hata hivyo kila bandari mpya huzidisha vyumba maradufu na zaidi. Ishirini zahitaji 10,485,760, na thelathini zapita bilioni 16, ambapo kompyuta ya kawaida huishiwa nafasi, na mwenye kazi hana budi kutafuta njia nyingine.

Msomaji atakaye kuihakikisha hesabu hii na azigeuze saa za kusi ziwe za kaskazi, kwenda kaskazini kuwe kuzito na kwenda kusini kuwe kwepesi, kisha alijaze daftari upya tangu ukurasa wa 001.