Tokyo 2020: sakura ilifunuka, watu wakaombwa wabaki nyumbani

Kila mwaka, kati ya mwisho wa mwezi wa tatu na mwanzo wa mwezi wa ine, wakaaji wa Tokyo wanatandika plastiki za bulu chini ya miti ya sakura. Wanakula, wanakunywa, wanaimba. Kama ni watu wa biro moja, mara nyingi mufanyakazi mupya ndiye anatumwa mapema kulinda nafasi. Desturi hiyo inaitwa hanami, maana yake kuangalia maua. Na maua yenyewe hayangoje: yakishafunuka yote, siku kidogo tu upepo na mvua vinayabeba.

Mwaka wa 2020 yalikuja mbio. Tarehe 14/03 idara ya hali ya hewa ilitangaza kwamba sakura imefunuka Tokyo. Tangu waanze kuandika tarehe hizo, mwaka wa 1953, mpaka mwaka ule ilikuwa haijapata kuwa mapema vile. Kujua ni rahisi: wanaenda kuangalia muti mumoja tu, kwenye hekalu la Yasukuni, na wakihesabu maua tano ao zaidi, basi, imeanza.

Lakini Corona ilikuwa imekwisha kuingia. Muji ukaomba watu wasitandike, wasikule chini ya miti katika parki kubwa kama Ueno. Kupita, kupiga foto, kuendelea na safari: hiyo tu.

Tarehe 24/03 michezo ya Olimpiki ya Tokyo ikasogezwa mwaka mumoja. Siku ile ile, hapa kwetu, Raisi Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura, na Lubumbashi ilikuwa ndani ya masaa 48 ya kufungiwa nyumbani. Kesho yake gavana wa Tokyo, Koike Yuriko, akaomba wakaaji wasitoke wikendi. Siku ya yenga, tarehe 29, theluji ikaanguka juu ya maua. Hata wenye kichwa nguvu wakabaki nyumbani.

Hali ya dharura ya Japani yenyewe ilikuja tarehe 07/04. Tofauti na kwetu, sheria yao haikuwa na amende wala polisi wa kurudisha mutu nyumbani. Serkali iliomba tu. Treni zilitembea, maduka ya chakula yalifunguliwa. Wengi walitii, lakini si wote, na maua ndiyo yalilipa.

Katika Chiba, jimbo jirani na Tokyo, kuko muji unaoitwa Sakura (jina linafanana tu, haliandikwe kama ua lile). Watu waliendelea kujaa kwenye shamba lake la tulipe. Mwezi ule wa ine, wakubwa wa muji wakaagiza zikatwe zote, zaidi ya 800 000, zikiwa bado zinapendeza, juu mutu asipate tena cha kufuata kule.

Hali ya dharura iliondolewa Tokyo tarehe 25/05. Wakati ule sakura ilikuwa majani matupu.