Moto Ulianza Wapi?

Bima ya nyumba ilizaliwa na moto. Septemba 1666, moto ulitoka kwa mwokaji mikate mmoja London, ukala mji siku nne na kuteketeza nyumba zaidi ya 13,000. Baadaye Nicholas Barbon, daktari aliyegeuka mjenzi, akafungua ofisi ya kukatia watu bima ya moto. Mwenye nyumba ya matofali alilipa asilimia 2.5 ya thamani ya kodi ya mwaka. Mwenye nyumba ya mbao alilipa asilimia 5. Kabla ya kuuliza wewe ni nani, bima iliuliza ukuta wako ni wa nini.

Swali hilo lilifika hadi kwetu na Waingereza. Reli iliingia Kisumu Desemba 1901, wakati huo bandari ikiitwa Port Florence, na mji ukapangwa kwa rangi: Wazungu upande wao, Wahindi upande wao, Mwafrika pembeni. Manyatta haikuwa hata ndani ya mji. Ilikuwa ardhi ya familia za Waluo mpaka mipaka ya manispaa ilipopanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watu walikuwa wamejenga vile watu hujenga nyumbani: fito, udongo, mabati. Mji ulipowafikia waliongeza vyumba vya kupangisha, ploti baada ya ploti, kwa sababu mji ulikuwa na wapangaji na ardhi ilikuwa yao.

Sasa chukua fomu ya bima ya nyumba ya siku hizi. Ukuta ni wa nini? Paa je? Nyumba hukaa bila mtu kwa muda mrefu? Fomu inatarajia jibu la mawe, matofali au saruji. Ukijibu udongo, jiandae kulipa zaidi au kuambiwa pole. Barbon hajaenda mbali.

Lakini tuseme ukuta wako ni wa mawe. Unanunua nini hasa? Hapa Kenya mkataba wa bima ya nyumbani umegawanywa vipande. Kuna cha jengo, ambacho ni cha mwenye ploti. Kuna cha vitu vya ndani, ambacho hata mpangaji anaweza kukata peke yake: kitanda, tivii, jiko la gesi. Kuna cha vitu unavyotembea navyo, kama simu na laptopu. Kisha kuna cha mfanyakazi wa nyumbani akiumia kazini, na cha mgeni akiangukiwa na ukuta wako. Kwa hivyo landilodi akisema nyumba iko na bima, usichangamke. Bima yake inajenga ukuta wake. Godoro lako halimo.

Halafu kuna hesabu inayowauma wengi. Nyumba ingegharimu milioni 2 kuijenga upya, wewe umeikatia bima ya milioni 1 ili ulipe kidogo. Jikoni kunaungua, hasara ni 400,000. Ukadhani utapata zote, si ni chini ya milioni? La. Uliikinga nusu, basi unaweza kulipwa nusu: 200,000. Na bei ya shamba haiingii kwenye hesabu, maana udongo hauungui.

Haya yote ni madogo ukilinganisha na swali moja ambalo historia ya Kisumu inalifahamu vizuri: moto ulianza wapi?

Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, Kisumu iliwaka. Maduka ya katikati ya mji yaliporwa na kuchomwa. Kondele na Manyatta zilijaa vizuizi, risasi na moshi, na watu walioonekana kuwa wa kabila la upande mwingine walipoteza nyumba na biashara. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Hapa Nyanza wengi waliuawa kwa risasi. Wenye mali waliokuwa na bima walirudi kwa kampuni zao na mikataba mkononi. Ndani ya mikataba mingi kulikuwa na kifungu kinachosema hasara ya ghasia na vurugu za raia hailipwi, isipokuwa umenunua kinga hiyo kwa ziada.

Moto ni uleule. Mabati yanajikunja vilevile. Ila ukitoka kwa waya wa stima unalipwa, ukitoka kwa mkono wa umati hulipwi. Baada ya hapo kinga ya vurugu za kisiasa ikawa bidhaa yake yenyewe, na kila uchaguzi ukikaribia watu huanza kuiulizia.

Serikali nayo ilikuwa na hesabu yake. Mwaka 2008 iliahidi familia zilizohama shilingi 10,000 za kuanzia, na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Udongo au mawe, ni 25,000.

Mimi sioni hapo sababu ya kuichukia bima. Waluo walikuwa na saga, majirani wakikusanyika kufanya kazi ya mmoja wao, na chama cha mtaani mpaka leo hufanya jambo lilelile kwa pesa: hasara ya mmoja inabebwa na wengi. Bima ni wazo hilo likiwa na karatasi. Tofauti ni kwamba chama hakiulizi moto ulianza wapi, lakini pia hakiwezi kujenga nyumba ya milioni 2. Na mtaa mzima ukiungua usiku mmoja, wanachama wote wanakuwa waombaji.

Basi anayekuuzia bima Manyatta akianza kukutajia yanayolipwa, mwache amalize. Kisha mwambie afungue ukurasa wa yasiyolipwa, mtafute pamoja neno ghasia, mtafute neno mafuriko, na umuulize kuliongeza ni pesa ngapi. Jibu lake liandikwe kwenye mkataba kabla hujatoa pesa.