Saa ya Dhahabu na Ng'ombe Mia Tano

John Hanning Speke na James Augustus Grant walipoondoka Bagamoyo mwezi wa Oktoba 1860, saa walizozichukua mizigoni hazikuwa za kuwaambia wakati wa chakula. Zilikuwa ndizo ramani yenyewe. Ardhi huzunguka daraja 15 kwa kila saa moja. Basi msafiri ajuaye kwa yakini ni saa ngapi mahali alikotoka, akapima kwa jua ni saa ngapi hapo alipo, hujua ameendea magharibi kiasi gani. Lakini saa ikimdanganya kwa dakika moja tu, karibu na mstari wa Ikweta, humpoteza kiasi cha kilomita 28.

Tuuchukue mfano wa Rugu, katika wilaya ya Karagwe. Baina ya Rugu na Unguja kuna takriban daraja 8, yaani zaidi kidogo ya nusu saa. Jua la adhuhuri huwa limekwishapita juu ya Forodhani nalo Rugu halijafika. Leo serikali imeziweka saa zote sawa, na ndiyo maana mtu wa Rugu aamkaye saa kumi na mbili ya alfajiri huliona giza bado limetanda, na jua lake huchomoza saa moja inapokaribia. Hesabu yetu ya saa, ianzayo na macheo, ilizaliwa pwani na ikapanda bara pamoja na misafara. Wafanyabiashara waliokuwa na kituo chao Kafuro, karibu na ikulu ya Karagwe, ambako Stanley alimkuta Hamed bin Ibrahim mwaka 1876, walikuwa na Zuhura na Laasiri za jua la huko huko. Nusu saa hiyo haikuwadhuru kitu. Msoma ramani ndiye iliyomdhuru.

Speke alilijua hilo kwa uchungu. Katika safari yake na Burton ya 1857 hadi 1859, saa zao zilisimama moja baada ya nyingine, hata ikawabidi kufunga risasi ya bunduki kwenye uzi wa urefu wa karibu mita moja na kuibembeza ili wapate kuhesabu sekunde. Tazama: fizikia yote ya saa ya ukutani imo katika uzi ule! Kwa hivyo aliporudi, akapokewa na Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwezi wa Novemba 1861, kila saa iliyokuwa bado inakwenda ilikuwa na thamani kuliko shanga zote.

Hata hivyo zilitolewa zawadi. Mutesa wa Buganda alipewa kronomita ya dhahabu mwezi wa Februari 1862, pamoja na bunduki na kiti cha chuma. Kamurasi wa Bunyoro aliiona nyingine mkononi mwa Speke mwaka huo huo, akaitamani, kwani aliamini kuwa ndiyo pembe ya uganga impayo mzungu njia. Speke alidai kuwa kupata nyingine kama hiyo ni ng'ombe mia tano. Mwisho aliitoa. Waandishi wengi wamecheka imani ya mfalme. Mimi sioni la kuchekesha, maana alilolisema ndilo lililokuwa kweli: chombo kile ndicho kilichowaonesha njia. Samuel Baker alipofika Bunyoro mwaka 1864, saa hiyo ilikuwa imekwisha kufa.

Ingeifufua nini? Saa za namna ile hazikutiwa ufunguo kwa kichwa cha pembeni bali kwa ufunguo mdogo ulio mbali, na ufunguo ukipotea saa imekwisha. Ndani yake kamani haikuvuta magurudumu moja kwa moja. Ilivuta mnyororo wa chuma mwembamba uliozungushiwa kipande mfano wa pia, ili nguvu ya kamani isipungue kadiri ifungukavyo. Minyororo hiyo ilifumwa na wanawake na watoto wa Christchurch, kusini mwa Uingereza, kwa macho yao na vidole vyao. Mafuta yake hayakuwa mengi kupita tone. Yakiganda kwa vumbi na joto, saa husimama bila ya kuvunjika kitu.

Hapo ndipo fundi saa anapokuwa mwanahistoria. Kabla ya viwanda kama Waltham ya Marekani kutengeneza vipande vya kufanana, kila gurudumu lilipigwa tupa kwa ajili ya saa moja tu, na msumari wake haukukaa kwingine. Fundi hufungua kifuniko, akatafuta nambari iliyopigwa kwenye bamba na kuilinganisha na ile ya kasha. Hutafuta vinukta ambavyo mtengenezaji alivigonga kwenye vipande ili visichanganyike. Na ndani ya kifuniko husoma mikwaruzo midogo ya mafundi waliomtangulia. Nambari zikihitilafiana, basi saa ile imekwisha kuolewa na kasha lisilo lake. Akrabu mpya juu ya uso wa kale haifichiki: rangi ya buluu ya chuma kilichochomwa motoni si rangi ya kupaka.

Wako wanaotaka saa ya kale iende kwa gharama yoyote, na wako wasiotaka iguswe. Mimi nawaelemea hao wa pili, ila kwa sharti: mafuta yaliyoganda yaoshwe, kwani hayo hayana ushahidi wowote, bali kipande kilichovunjika kisitupwe hata kikipatikana badali yake. Kiwekwe katika karatasi, kiandikwe kilitoka wapi.

Kwetu hapa jambo hili si la mbali. Mnara wa saa wa Beit al-Ajaib, uliojengwa mbele ya jumba baada ya mizinga ya 27 Agosti 1896, uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kila jino la gurudumu litokalo kwenye kifusi kile lilifaa kupewa nambari kabla ya mtu yeyote kuagiza mashine mpya.