Sanduku la Kugawa Nguvu

Msomaji, Land Rover ilipotolewa Uingereza mwaka 1948, haikukawia kupata sifa katika Kenya, kwa kuwa magurudumu yake yote manne yaliweza kuvuta matopeni. Je, wadhani wingi wa magurudumu yavutayo ndio ushindi? La. Katika Safari Rally ya mwaka 1984, Audi Quattro zilishindwa na Toyota ya Björn Waldegård, iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Audi ilingoja hadi mwaka 1987, Hannu Mikkola aliposhinda.

Nguvu haina budi kugawanywa vema, na kazi hiyo hufanywa na sanduku la gia lililo kati ya mbele na nyuma. Gari likatapo kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Matopeni huteleza kidogo, pasiwe na dhara. Juu ya lami hayatelezi. Sanduku lisipoyaachilia, vyuma hushindana vyenyewe kwa vyenyewe.

Hayo niliyajua kwa gari langu kuukuu, ambalo sanduku lake lilinasa. Mwaka mzima nililiendesha hivyo kutoka Dagoretti hadi katikati ya Nairobi, likitetemeka kila kona, nami nikijisemea, "Mwezi ujao." Asubuhi moja, katika barabara ya Ngong, usukani ulikuwa mzito kugeuka, na watoto wa shule walikuwa wakivuka. Nilisimama hatua chache tu mbele yao.

Siku hiyo hiyo nililipeleka kwa fundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kumbuka, msomaji, ziko kuta zisizojengeka tena.